Mume kahamishiwa Pemba: nihame na nyumba nzima au nisubiri?

Swali la msomaji wa Ngaramtoni, Arusha: "Mume wangu ni mwanajeshi. Amepata uhamisho kwenda Pemba na anatakiwa kuripoti mwezi wa tatu. Tuna watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la tano, mdogo ana miaka mitatu na ana pumu. Mimi ni fundi cherehani. Ndugu wa mume wanasema tupakie kila kitu kwenye fuso twende wote pamoja. Dada yangu anasema kule vitu vinaoza na nitarudi mikono mitupu. Naomba ushauri: nihame lini, nibebe nini, watoto nitawaandaaje, na kazi yangu ya kushona itakuwaje?"

Dada, usipakie fuso. Mwache mumeo atangulie na begi lake, nyinyi mfuate mwanzoni mwa mwezi wa sita shule zikifunga. Miezi mitatu ya kukaa mbalimbali inauma, na mtoto wa miaka mitatu atamuulizia baba yake kila jioni. Lakini mwezi wa tatu ndio mbaya kuliko yote kuhamishia nyumba Pemba. Masika inaanza hapo na kwenda mpaka Mei, na Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja. Godoro likilowa kwenye bandari ya Mkoani, kusini mwa Pemba, mwezi wa nne, utalilalia bichi wiki nzima, na kabati la mbao za kubandika likinyeshewa mara moja tu milango haifungi tena. Kisha mumeo mwenyewe atakuwa mgeni kikosini: anapangiwa zamu, hajajua kama kota ipo au itabidi apange mtaani. Familia ikifika kabla ya nyumba, mtaishia kwenye chumba kimoja cha kuazima na vitu vyote vimerundikwa hadi darini.

Wengi wangekwambia usubiri Desemba, mwaka wa shule uishe. Kwa mtoto wa darasa la tano mimi sikushauri hivyo. Zanzibar elimu ya msingi ni miaka sita, na darasa la sita lina mtihani wa mwisho unaotungwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar. Ukihama Desemba unamtupa mwanao moja kwa moja kwenye mwaka wa mtihani, katika shule asiyoijua, yenye masomo ambayo hajawahi kuyasoma, Kiarabu kikiwa mojawapo. Ukihama Juni anapata nusu mwaka wa kuzoea.

Juni ina ubaya wake mmoja, nao ni bahari. Kuanzia hapo mpaka Agosti ni kipupwe: hewa ni nafuu, jua halichomi sana, na kwa mtoto mwenye pumu ndiyo miezi mizuri ya kufikia. Lakini ndiyo miezi ya upepo wa kusi, na kusi huinua mawimbi. MV Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012 kati ya Dar es Salaam na Unguja, na MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba ikiwa imejaza kupita kiasi. Sikutajii haya ili uogope. Nataka ujue mambo mawili ya kukataa hata kama mumeo ana haraka: chombo unachokiona kwa macho kuwa kimejazwa kupita kiasi, na jahazi la mizigo linalokubali abiria. Tiketi itaungua, basi. Utakata nyingine.

Njia za kawaida ni mbili. Ya kwanza ni Arusha mpaka Dar kwa basi, boti ya kwenda kasi mpaka Unguja kama saa mbili, kisha chombo kingine mpaka Mkoani. Hii ina vyombo vingi lakini mnalala njiani, na kati ya Nungwi na Pemba mkondo ni mkali. Ya pili ni kupitia Tanga, ambayo kwa mtu wa Arusha au Moshi ni karibu zaidi: Same, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza, umefika. Ila safari za chombo kutoka Tanga si za kila siku, kwa hiyo ratiba iulizwe kwanza na basi likatwe baadaye, si kinyume chake. Ndege ndogo zipo, lakini nyingi zinaruhusu kilo 15 tu za mzigo kwa mtu, na ukiwa na watoto kilo hizo zinaisha kwenye nguo peke yake.

Siku ya kuvuka, wape watoto chakula chepesi saa mbili kabla: mkate mkavu au viazi, si chai ya maziwa. Dawa ya kichefuchefu cha safari huliwa nusu saa hadi saa moja kabla ya chombo kuondoka, maana ukishaanza kutapika hata kidonge hakikai tumboni. Muulize mfamasia kipimo cha mdogo, kwa sababu si kila dawa ya aina hiyo inafaa miaka mitatu. Kaeni chini, katikati au nyuma, pale panapoyumba kidogo. Kifuko chenye dawa ya kuvuta ya pumu kiwe mkononi mwako. Kisiende kwenye shehena kwa namna yoyote. Kitambulisho chako cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa viwe humohumo.

Sasa vitu. Adui wa nyumba ya kisiwani ni hewa yenyewe. Imebeba unyevu na chumvi usiku na mchana, na chumvi ina tabia ya kunyonya maji, kwa hiyo chuma chenye vumbi la chumvi hubaki na utando wa unyevu hata siku ya jua kali. Ndiyo maana bawaba ya mlango iliyokaa Arusha miaka kumi bila doa, Pemba inatoa kutu kabla mwaka haujaisha. Ukiwa unaamua cha kubeba, jiulize kimetengenezwa kwa nini. Mninga na mkangazi mzito vinavumilia. Mbao za kubandika na za unga wa mbao ulioshindiliwa zinavimba miguuni, kisha zinamenyeka. Sofa la kitambaa kizito huota ukungu upande wa nyuma ambao huuoni. Zulia kwenye nyumba yenye mtoto wa pumu ni la kuachwa kabisa. Uza sofa, uza kabati la kubandika, uza zulia, ukanunue kule viti vya mbao au plastiki. Mablanketi mazito mwachie mama yako. Beba shuka, kanga, na sweta moja kwa kila mtoto kwa ajili ya mkirudi Arusha mwezi wa saba. Mtungi wa gesi uache au uuze, utapata mwingine huko. Feni ni muhimu kuliko friji. Ukibeba friji, beba na kilinda friji chake, na usiibane ukutani: acha nafasi ya kiganja nyuma, na kila mwezi uchomoe umeme upanguse zile bomba za nyuma kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Bomba hizo ndizo zinazoliwa na chumvi, na zikitoboka gesi inakwenda.

Kwa kila kifaa cha umeme utakachovuka nacho, andika orodha yenye aina na namba ya kifaa, ubaki na risiti au nakala, na mumeo aombe kikosini igongwe muhuri. Siku ya kurudi Bara, forodha watataka kujua kama televisheni hiyo uliinunua Arusha au Zanzibar, kwa sababu kodi za pande mbili zinaweza kutofautiana, na bila karatasi utabishana bandarini na watoto wanalia. Kuhusu gharama za mzigo na nauli za familia, mumeo aulize kwa karani wa kikosi kabla hajaondoka, na majina yenu yawe yameingizwa kwenye kumbukumbu zake na nakala za vyeti. Familia ambayo haimo kwenye kumbukumbu ni kama haipo, kuanzia kota mpaka matibabu.

Akifika, kazi yake ya kwanza ni nyumba. Kota ikipatikana, chukueni, hata kama ni ndogo. Ikikosekana, atapanga, pengine Chake Chake. Mwambie akague nyumba hivi. Madirisha yawe pande mbili zinazotazamana, kaskazini na kusini, kwa sababu pepo kuu mbili za huko, kaskazi na kusi, hupitia humo. Dirisha la kusini liwe na paa lililotokeza, la sivyo mvua ya masika itaingia mpaka kitandani. Apitishe kiganja chini ya ukuta, kama futi moja kutoka sakafuni: akikuta unga mweupe unaobaki mkononi na rangi inayobanduka kama magamba, ukuta huo una chumvi, mara nyingi kwa sababu ya mchanga wa pwani uliotumika kujengea. Kupaka rangi upya hakusaidii, itabanduka tena. Kama nyumba ni nzuri kwa mengine, apange, lakini kitanda na kabati visiegemee ukuta huo. Maji ya kisima ayaonje wakati wa bamvua, zile siku bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakiwa yamejaa, kwa sababu visima vya karibu na pwani huingiwa na chumvi siku hizo hata kama siku nyingine ni vitamu. Aende na kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa huko, akajitambulishe. Umeme wa huko ni wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, na mita za malipo ya kabla zinaitwa Tukuza badala ya Luku, kwa hiyo msishangae simu ikikataa namba mliyozoea kununulia.

Mkishaingia, nyumba inatakiwa ipate upepo kila siku. Kabati likae kiganja kimoja mbali na ukuta na milango yake iachwe wazi saa chache mchana. Weka mkaa mkavu kwenye vifuko vya kitambaa chepesi, nusu kilo kwa kila upande wa kabati, na kila wiki mbili uutoe juani kutwa nzima kisha uurudishe. Godoro lisilale sakafuni. Liinuliwe kwenye chaga zenye nafasi, na lipate jua kila wiki. Ukungu ukitokea ukutani, usiufute kwa ufagio mkavu, maana unarusha vumbi lake hewani na mtoto ndiye atakayelivuta. Changanya kikombe kimoja cha Jik kwenye lita nne za maji, paka, subiri dakika kumi, futa kwa kitambaa, madirisha yote yakiwa wazi na watoto wakiwa nje. Usichanganye Jik na siki hata tone. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, na kwa mwenye pumu ni hatari mara mbili.

Sare za mumeo zitakusumbua kuliko nguo zote, na hapa wake wengi waliotoka mikoa ya baridi hupata shida mwezi wa kwanza. Arusha sare yenye jasho inaweza kukaa kwenye ndoo mpaka Jumamosi. Pemba usiku mmoja unatosha, na vile vidoa vyeusi vya ukungu vikishaingia kwenye pamba havitoki bila kuharibu rangi. Ifue siku ileile. Kama zamu imemrudisha usiku wa manane, isuuze tu kwa maji safi, ikamue, ianike ndani karibu na feni, uifue kesho yake. Buti awe na jozi mbili za kubadilishana. Zikirudi zimelowa, toa kamba na soli ya ndani, jaza magazeti, uyabadilishe baada ya saa mbili au tatu, ziweke kivulini penye upepo. Ukiziweka juani au karibu na jiko ngozi inapasuka pale inapokunjika, na gundi ya soli inaachia. Zikiota ukungu, futa kwa siki na maji nusu kwa nusu, ziache zikauke, ndipo upake rangi. Vifungo, beji na bizimu ya mkanda vipanguse kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, vikaushe, uvihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko na kifuko kidogo cha mchele mkavu. Nguo zenye madoa ya kijeshi usimshonee mtoto kamwe, hata kama ni kwa kumpendeza baba yake. Raia haruhusiwi kuzivaa.

Kuhusu chakula, usibebe gunia. Maharage ya soko la Kilombero hapo Arusha chukua kilo kumi au kumi na tano kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, yakiwa makavu kabisa. Unga wa dona usizidi kilo tano kwa mara moja. Kwenye unyevu ule unga na karanga hupata kuvu haraka, na kuvu hiyo huleta sumukuvu ambayo haiondoki kwa kupika. Mkila muhogo, mashelisheli, ndizi na samaki, mtakula vizuri. Samaki hupungua sokoni kusi likivuma kwa nguvu, na bei hupanda, kwa hiyo Juni mpaka Agosti usipange bajeti kwa kuangalia bei za Februari. Pweza hupatikana zaidi siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokupwa mbali.

Kuna vyakula viwili msile hata mkikaribishwa: bunju, yule samaki mwenye sumu anayejivimbisha, na nyama ya kasa, kobe wa baharini. Mwezi Machi 2024, katika kisiwa cha Panza hukohuko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula kasa, na makumi ya wengine walilazwa. Kuchemsha hakuondoi sumu yake. Mfundishe mkubwa akatae, kwa adabu lakini akatae, hata kama ameandaliwa na mama wa rafiki yake.

Watu wa kwetu wanaogopa bahari zaidi kuliko inavyostahili na wanadharau mabwawa. Maji ya kuogopa zaidi kwa mwanao ni vijito, madimbwi na mabonde ya mpunga, kwa sababu ndiko kuliko na konokono wa kichocho. Dalili ni mkojo wenye damu, hasa matone ya mwisho. Dawa yake ipo na shuleni hutolewa kwa kampeni, lakini mtoto akirudi kuchezea maji yaleyale anaambukizwa upya. Baharini shida ni nyingine. Maji yakijaa hupita kwanza kwenye mifereji ya nyuma ya fungu la mchanga, na mtoto aliyesimama kwenye mchanga mkavu mbele anajikuta amezungukwa. Saa za kujaa zinasogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo asikwambie "jana tuliogelea saa nane ilikuwa salama". Avae viatu vya plastiki kwenye miamba. Akichomwa na samaki wa sumu anayejificha kama jiwe, mguu uingizwe kwenye maji ya moto kiasi ambacho mtu mzima anaweza kuvumilia mkono wake, dakika 30 hadi 90, huku mnatafuta usafiri wa hospitali.

Malaria Zanzibar imeshuka sana kwa miaka mingi, na wahudumu hufuatilia mgonjwa mpaka nyumbani. Msichoke wakiwauliza mmetoka wapi lini. Chandarua chenye dawa bado ni lazima. Dengi ni suala jingine, kwa sababu mbu wake huuma mchana na huzaliana kwenye maji safi: pipa lisilofunikwa, tairi, kifuu cha nazi uani. Homa kali yenye maumivu nyuma ya macho, mpe panadol na maji mengi umpeleke kupimwa. Usimpe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni mpaka dengi iondolewe, maana zinaweza kuzidisha kutoka damu. Kabla ya kuondoka, mpeleke mdogo hospitali ya Mount Meru au KCMC, uombe muhtasari wa maandishi wa pumu yake: dawa, kipimo, mara ya mwisho kulazwa. Nunua dawa za kuvuta mbili, moja ya akiba, uzitunze mahali pasipozidi nyuzi 30, mbali na dirisha la jua. Mkoani kuna Hospitali ya Abdalla Mzee, na Chake Chake na Wete zina hospitali zake; kesi kubwa hupelekwa Mnazi Mmoja, Unguja, ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo mtoto akianza kukoroma kifuani jioni, usisubiri asubuhi kama ulivyozoea.

Shuleni chukua barua ya uhamisho, namba yake ya PReM (ya usajili wa mwanafunzi), ripoti za mihula miwili na nakala za cheti cha kuzaliwa. Mumeo aende shuleni mapema, Aprili au Mei, aulize nafasi, sare, na ratiba ya Ramadhani, kwa sababu kalenda ya huko hupangwa kwa kuangalia mfungo. Aulize pia hisabati na sayansi za darasa la tano zinafundishwa kwa lugha gani katika shule hiyo, ili mtoto aanze mazoezi akiwa bado Arusha. Alasiri watoto wengi wako madrasa. Kama nyinyi ni Wakristo, mwanao atajikuta hana wa kucheza naye saa hizo. Mtafutie kazi ya maana, tuisheni au mpira wa kikosini, ili upweke usimfanye achukie mahali. Ukijifungua mwingine hukohuko, kizazi kinasajiliwa na wakala wa Zanzibar, si RITA.

Na majirani. Vaa kanga mbili au gauni refu ukitoka. Ramadhani msile wala kunywa barabarani mchana, watoto pia, hata maji ya chupa kwenye daladala, kuleni ndani. Jirani akikuletea futari, sahani usiirudishe tupu. Karafuu utaziona zimeanikwa kwenye majamvi kandokando ya barabara msimu ukifika. Msizikanyage, na usinunue za mtaani upeleke Arusha kama zawadi. Karafuu huuzwa kwa shirika la serikali la ZSTC, magendo yake ni kosa, na mke wa mwanajeshi akikamatwa nazo bandarini anamwingiza mumewe kwenye maelezo kwa wakubwa wake. Vivyo hivyo kwenye simu: usipige picha geti, kota wala magari, usiandike mumeo amesafiri lini na anarudi lini. Kila kambi ina taratibu zake za wageni na usafi wa kota. Ziulize siku ya kwanza, kwa sababu dada yako akija kutoka Arusha bila kuandikwa getini mapema atarudishwa.

Kuna na fedha ya dharura. Weka nauli ya kwenda na kurudi ya familia nzima kwenye simu yako, si ya mumeo, na isiguswe. Akiwa mazoezini au amepangiwa kazi nje, na msiba ukatokea nyumbani, hutampata kwa urahisi. Kutoka Pemba mpaka Arusha hesabu siku mbili, na Desemba tiketi za mabasi ya kaskazini ukate wiki kadhaa kabla.

Cherehani yako beba, hiyo ndiyo iwe mzigo wako wa kwanza. Ondoa kichwa kwenye meza, kipake mafuta ya cherehani sehemu zote za chuma kilichong'aa, funga kwa kitambaa cha pamba kilicholowekwa mafuta kidogo, kisha nailoni nje, ukipakie kwenye sanduku la mbao lenye matandiko pembeni. Meza yake yenye pedali ibebe pia, utaihitaji umeme ukikatika. Ukishaanza kazi, mafuta yawe kila baada ya siku mbili tatu za kushona, si kila mwezi, na jioni pangusa sindano, mguu wa kukandamizia na nyumba ya bobini kwa kitambaa kikavu. Kutu ndogo kwenye nyumba ya bobini haionekani kwa macho lakini hukata uzi, na fundi wengi hubadilisha uzi mara tatu kabla ya kufikiria kuangalia pale. Sindano ziweke kwenye kopo dogo zikiwa zimechomekwa kwenye kitambaa chenye mafuta. Vitambaa vya wateja visikae sakafuni hata usiku mmoja. Kama unashonea kotani, mumeo aombe ruhusa kwanza. Kama unapanga fremu mjini, leseni ni ya baraza la mji au halmashauri ya huko, na kuhusu kodi ulizia Mamlaka ya Mapato Zanzibar na TRA.

Wateja utawapata kwa kushona wanachovaa. Kabla ya Juni, jifunze kukata baibui, dira na kanzu ya mtoto, na mitandio ya sare za shule. Tafuta fundi wa pwani hapo Arusha akuonyeshe kola ya kanzu, kwa sababu ndiyo inayomtofautisha fundi na anayejaribu. Kazi kubwa ya mwaka ni ya Idd el-Fitr. Nunua nyuzi na vifungo vya kutosha mwezi wa Shaabani, unaotangulia Ramadhani, pokea oda kuanzia mwanzo wa Ramadhani kwa malipo ya nusu, na ufunge daftari siku kumi kabla ya Idd, umeme ukikatika bado uwe na nafasi ya kumaliza kwa mguu.